Sura ya Sita: Meza ya Watu Wawili

Tulipotimiza miaka kumi ya ndoa nilimpeleka mke wangu kula kamba koche. Nilikuwa nimeweka fedha kidogo kidogo tangu mwezi wa mfungo, nikachagua mkahawa wa ufukweni ambao jina lake sitalitaja, wenye kandili zilizopangwa juu ya mchanga na vitambaa vyeupe mezani. Mke wangu alivaa baibui jipya na kuchomeka kikuba cha asumini na mrehani. Kamba koche aliletwa juu ya sinia la mbao, amepasuliwa katikati, mwekundu, kapambwa kwa ndimu na majani ya giligilani kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha. Nilipochoma uma, nyama haikukatika. Ilimeguka kama uji uliolala.

Mke wangu ni mtoto wa mvuvi wa Makunduchi. Alionja mara moja, akaweka uma, akanywa maji, kisha akasema kwa sauti ya chini ili mhudumu asisikie: "Baba watoto, huyu alikufa kabla sisi hatujatoka nyumbani."

Nililipa. Tukarudi nyumbani, na saa tano usiku tulikuwa jikoni tunakula mkate na chai ya tangawizi, yeye bado na kikuba chake kifuani. Hakulalamika hata siku moja. Mimi ndiye niliyebaki na lile jambo moyoni, nikaanza kuuliza watu.

Alichosema kilikuwa kweli tupu. Ndani ya kichwa cha kamba koche mna tezi ya kusagia chakula. Akiwa hai, maji ya tezi hiyo husaga kome na konokono anaowala. Akishakufa hayana tena mpaka, hugeukia nyama yake mwenyewe, na kwa joto la pwani yetu saa chache zinatosha kuufanya mkia uwe laini kama maandazi yaliyoloa. Ndiyo maana kamba koche hupikwa akiwa hai, au hukatwa mkia mara tu anapouawa na kuwekwa kwenye barafu. Ule wekundu uliotupendeza haukuwa ushahidi wa chochote. Rangi nyekundu imo ndani ya gamba tangu yu hai, imefungwa na protini inayoifanya ionekane kijani na buluu. Moto ukiivunja protini, wekundu hutoka, awe amekufa leo au juzi.

Watu wengi wanaotafuta mahali pa kula usiku wao mkubwa huanza na meza: kiti kiko wapi, jua linazama upande gani, picha zitatokaje. Nami nilianza hivyo. Siku hizi naanza na diko.

Diko ni pale ngarawa na mashua zinapopandisha samaki. Mkahawa wowote wa pwani unaouza samaki wa bahari yetu una diko lake, hata kama mwenyewe hakutajii. Hapa Unguja kuna Malindi mjini, Mkokotoni, Nungwi, Kizimkazi, na madiko madogo ya vijijini ambayo hayana hata banda. Dar es Salaam wana Feri, pale Magogoni, ambako asubuhi huwezi kupita bila kulowa. Ukitaka kuujua mkahawa kabla hujaulipa, nenda diko lake siku moja kabla, simama kando ya mnada, usinunue kitu, mtazame mnunuzi wao.

Niliwahi kusimama hivyo Mkokotoni, kivulini, tangu saa mbili asubuhi. Mnadi alimwaga samaki chini kwa mafungu: changu, tasi, chewa mmoja mkubwa, fungu la vibua. Bei zilipanda kwa sauti na kwa nyusi. Walikuja wanunuzi wawili wa mahoteli. Wa kwanza alifika mapema kwa vespa, boksi la barafu limefungwa nyuma kwa mpira, barafu imo tayari. Aliinama kwa kila samaki, akafunua shavu kwa kidole gumba kutazama matamvua, akabonyeza ubavu na kungoja aone kama unarudi, akamnusa chewa karibu na tumbo. Alimwacha yule chewa. Akachukua changu sita na tasi wachache, akawafukia ndani ya barafu palepale kabla hajalipa. Wa pili alifika karibu na saa tano, jua limeshakuwa kali, na boksi tupu. Akachukua kilichobaki, yule chewa akiwemo, kwa bei ya chini.

Wote wawili usiku ule waliandika kwenye ubao wao maneno yaleyale: samaki wa leo. Nami najua ni yupi kati yao ningempelekea mke wangu.

Jambo la vibua na jodari nalitaja peke yake kwa sababu ni la afya. Samaki wa jamii hiyo akiachwa juani, nyamani mwake hujengeka histamini, na histamini haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchoma. Samaki anaweza asinuke kabisa. Ukionja jodari na ulimi ukawasha kama umelamba pilipili ambayo haimo, au midomo ikaanza kuchoma, acha palepale, usile kwa kuona haya. Baadaye huja uso kuwaka, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, na usiku uliokusudiwa mapenzi unaishia kwa daktari.

Diko likishajulikana, kinachofuata ni mwezi. Hapa sina budi kukaa kidogo, maana sijaona kitabu cha wageni kinacholieleza na kila mtoto wa pwani analijua bila kufundishwa.

Bahari yetu ina bamvua na maji mafu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa sana na kutoka sana, na tofauti ya kujaa na kutoka huku kwetu inaweza kukaribia mita nne. Maji mafu huja mwezi unapokuwa nusu, na hapo bahari haijai sana wala haitoki sana. Kwa Unguja saa zake hazibadiliki kiholela. Bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hutoka karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika hamsini hivi, mpaka yakifika maji mafu saa zimegeuka: saa nne usiku ndipo bahari inapojaa.

Sasa mchukue mtu aliyeona picha ya The Rock, ule mkahawa ulioko Michamvi Pingwe, upande wa mashariki, umejengwa juu ya jiwe dogo baharini. Maji yakitoka unaufikia kwa miguu juu ya mchanga. Yakijaa unapelekwa kwa mashua. Picha zote zinazosambaa zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Mtu anapiga simu, anaweka meza ya saa mbili usiku, siku yenyewe ni mwezi mpevu kwa sababu mwezi mpevu una mahaba. Anafika, anakuta jiwe limesimama juu ya mchanga, bahari imekwenda zake, na mashua imelala ubavu. Hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza tu. Angetaka maji chini ya meza kwenye bamvua, angekwenda kula alasiri. Angetaka maji usiku, angechagua siku za maji mafu.

Lakini bamvua nayo ina zawadi yake, nayo ni pweza. Maji yanapotoka sana, asubuhi ile ya saa nne, mwamba wa mashariki hukauka hadi mbali, na wanawake wa Jambiani, Paje, Bwejuu na Makunduchi huenda pwani na michokoo yao. Mke wangu alikwenda hivyo na bibi yake tangu akiwa na miaka saba. Humtafuti pweza mwenyewe, ananiambia, maana yeye hugeuka rangi ya jiwe alilokalia. Unatafuta mlango wa nyumba yake. Pweza ni mlaji asiyezoa taka: nje ya tundu lake huacha magamba ya kome na vipande vya kaa, vingine bado vinang'aa. Ukiona magamba mapya juu ya mchanga mweupe, mwenyewe yumo. Unachomeka mchokoo taratibu, unamsikia anaushika. Akitoka anapigwa kwenye jiwe, mara nyingi, mpaka nyama ilegee, kisha anasuguliwa mpaka atoe povu. Pweza wa namna hiyo yuko jikoni kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo ukitaka pweza, ule siku za bamvua. Na kama bamvua yenyewe ni ya mwezi mpevu, kaa upande wa mashariki wa kisiwa, kwa sababu mwezi mpevu huchomoza wakati jua linazama. Watu hugombania meza za magharibi, Kendwa na Mji Mkongwe, ili waone jua. Sawa, ni zuri, nami nimelitazama mara nyingi kutoka paa la Emerson on Hurumzi misikiti ikiadhini magharibi. Ila mwezi unaotoka baharini mwekundu kama embe dodo lililoiva, ukipanda huku chakula kinaletwa, huo wengi hawauoni, kwa sababu wameupa mgongo.

Usiku wa giza nao una neema yake. Wavuvi wa dagaa hutoka mwezi usipokuwepo, kwa kuwa taa zao ndizo zinazowakusanya dagaa, na mwezi ukiwaka taa hazina nguvu. Kutoka juu ya mapaa ya Mji Mkongwe unaziona zimetandaa kwenye mkondo kama mji mwingine. Dagaa si chakula cha karamu, najua. Nimeshindwa kumaliza kuzitazama taa zile hata hivyo.

Halafu kuna pepo. Kusi likivuma, mwezi wa sita hadi wa nane, upande wa mashariki hupigwa, bahari hutibuka, na ngarawa ndogo hazivuki mwamba kila siku. Kaskazi ni joto lakini ni maji safi, nguru na jodari kwa wingi. Masika, mwezi wa nne na wa tano, mikahawa mingi ya ufukweni hufunga kabisa. Huo ndio wakati ambao kambamiti wa delta ya Rufiji huvuliwa kwa wingi, mto ukishusha maji matamu baharini. Wanaokaa Dar es Salaam wasisikitikie mvua.

Kamba koche hana msimu mmoja ninaoweza kukutajia, ila ana sharti: mzamiaji lazima aone. Wazamiaji wa Lamu na Kiunga, Wabajuni, ndio mafundi wake katika pwani ya Kenya, na wana hila ambayo mara ya kwanza niliposimuliwa sikuiamini. Huzama na pweza amefungwa kwenye kijiti, wakamwonyesha mlangoni pa pango. Pweza ni adui wa kamba koche. Akimwona tu anatoka mbio, na mkono wa mzamiaji unamngoja. Haya hayafanyiki maji yakiwa machafu. Mvua ikishanyesha siku tatu au kusi ikitibua mchanga, kamba koche aliyeko mkahawani ametoka kwenye friji au kwenye tenga la siku nyingi. Hapo uliza vizuri.

Mkahawa mzuri hukuletea kamba koche mezani akiwa hai. Usiogope kumtazama. Mshike mgongoni, juu kidogo ya mkia, umnyanyue. Aliye na nguvu hupiga mkia kwa kishindo, taptap, na kuukunja chini ya tumbo. Aliyechoka huuachia ukaning'inia. Mgeuze: kama chini ya mkia kuna mayai, chembe ndogo za rangi ya machungwa zilizoshikana kama zabibu changa, mrudishe, na uwaambie kwa nini. Sheria za uvuvi zinakataza kumvua mwenye mayai, na mkahawa unaomuuza unajua unachofanya. Yule wa kwetu hana magando kama wale wa baridi wa Ulaya na Marekani. Nyama yake yote ya maana iko mkiani, karibu theluthi moja ya uzito, na kwa hiyo aombwe apimwe mbele yako kabla hajaenda jikoni. Ukisoma "bei ya soko" kwenye orodha ya vyakula bila kuuliza, unaweza kutahayari mbele ya mwenzio wakati wa hesabu, na hiyo ni aibu isiyo na sababu. Mmoja wa kilo na ushei anawatosha wawili. Aliyepikwa mzima akiwa hai huja na mkia uliojikunja. Ukija umenyooka, ndugu yangu, unajua tena.

Nimeandika kana kwamba wote wawili wanakula kila kitu. Hapana. Uliza nyumbani kabla hujauliza mkahawani, hasa kama mmeoana karibuni. Wengi wa Waislamu wa pwani ni Mashafii, na kwao cha baharini ni halali, lakini wamo masheikh wanaomkataza kaa kwa sababu anaishi majini na nchi kavu, na ziko nyumba nyingi ambazo kaa haingii jikoni. Mwenzio akiwa Ithnaasheri, hali samaki asiye na magamba, ila kamba wadogo wanaruhusiwa, basi pweza, ngisi na kamba koche wote wametoka. Kwa Wahanafi halali ni samaki, na kuhusu kamba wenyewe hawakubaliani. Nimemwona bwana mmoja aliyeagiza sinia zima la vitu vya baharini kwa mkewe mpya, na bibi wa watu akala wali na kachumbari kwa adabu usiku mzima. Wako pia wasiotaka kukaa panapouzwa pombe. Hao wana Lukmaan, pale Mkunazini, ambako hakuna kandili wala kitambaa cheupe lakini pweza wa nazi utamkumbuka. Na wanaotaka mvinyo wao wana mikahawa ya mahoteli. Usiku wa wawili unaharibika upesi zaidi kwa jambo kama hili kuliko kwa samaki mbaya.

Nje ya Unguja nitapita haraka, maana kila pwani na wenyewe. Mombasa kuna Tamarind, Nyali, iliyokaa juu ya mwamba ikitazama Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Hiyo ni meza ya kuvalia suti, na tangu miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa kipimo cha karamu ya baharini katika mji ule. Diani kuna Ali Barbour's, ndani ya pango la matumbawe, ambako dari lina tundu na unakula ukiziona nyota. Ni mahali pa kutongozea, sikatai, ingawa ndani ya pango bahari yenyewe huioni. Mimi ningekuwa Kenya na usiku mmoja tu, ningekwenda Watamu mapema, jua bado juu, nikapita daraja la mbao katikati ya mikoko ya Dabaso hadi ile Crab Shack ya wanakijiji kwenye hori ya Mida. Wanakikundi wanafuga kaa na kutunza mikoko, na sambusa zao za kaa zinaliwa huku maji yakipita chini ya mbao za sakafu. Ni chakula cha jioni mapema, cha watu wasio na haraka ya kulala. Mtu akiniambia hapo hapana hadhi ya kumbukumbu ya ndoa, nitamuuliza anachoadhimisha ni ndoa au vitambaa vya meza.

Na Forodhani? Bustani ile, tangu ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena 2009, imekuwa ukumbi wa Unguja nzima. Nendeni mkanywe juisi ya muwa na kutazama watoto wanavyoruka baharini. Sipeleki karamu ya wawili pale, kwa sababu huko unakula ukiwa umesimama, na mke wangu anastahili kiti.

Nirudi kwenye ndoa yetu. Mwaka wa kumi na moja niliamua kufanya kama nilivyoeleza. Nilipiga simu sehemu nne. Swali langu lilikuwa moja, na nawashauri wengine waulize hilohilo: "Alhamisi mtakuwa na nini?" Wa kwanza akaniambia vyote vipo, siku zote. Wa pili akasema angenitumia orodha. Wa tatu akaanza na bei. Wa nne ulikuwa mkahawa mdogo wa Jambiani, meza saba chini ya makuti, na aliyepokea simu alikuwa mpishi mwenyewe, mwanamke, nyuma yake nikisikia kitu kinachemka.

"Kamba koche hatuna," alisema. "Bahari chafu tangu juzi, hawajazama. Wako wa kwenye friji, lakini mimi sikupi huyo kama ni siku yenu. Alhamisi ni bamvua. Kinamama watakwenda pwani. Njooni mle pweza."

Nikaweka meza palepale.

Niliongeza maswali mawili, naye hakuchoka. Nilitaka kujua pweza atapikwaje. Akasema hatiwi maji: anawekwa sufuriani na maji yake mwenyewe, moto mdogo, mpaka aive, ndipo linaingia tui zito, bizari, kitunguu thomu na ndimu mwishoni. Nikauliza kama atakuwa amegandishwa. "Wa leo hatagandishwa, ila usimdharau aliyegandishwa," akaniambia. "Friji humlainisha kama jiwe." Hilo nililithibitisha baadaye kwa wapishi wengine. Barafu hupasua nyuzi za nyama yake, kazi ileile ya kumpiga. Kwa samaki wengi friji ni hasara, kwa pweza si hasara kubwa.

Tulifika kabla ya magharibi. Mke wangu alikuwa amevaa lile baibui la mwaka jana, na kikuba kipya. Bahari ilikuwa imeanza kurudi nyuma, ikiacha mchanga unaong'aa na vijiti vya mashamba ya mwani vimesimama safu safu. Tuliswali, tukakaa. Ikaja supu kwanza, kwenye vibakuli vidogo, ya pweza, nyepesi, ya pilipili manga na ndimu. Supu hiyo ina sifa yake pwani nzima, na kila jioni wanaume huizunguka barabarani kwa ajili ya sifa hiyo. Mke wangu alinitazama akatabasamu, akanywa yake yote. Mimi huinywa kwa sababu ni tamu, na inafungua tumbo kwa kinachofuata.

Kilichofuata kilikuwa changu wa kupaka, amechomwa kwa makumbi, ngozi imeshika ukoko wa tui kwenye kingo, na ndani nyama nyeupe iliyoachana na mfupa kwa kuguswa tu. Pembeni wali wa nazi na achari ya embe. Halafu pweza. Mke wangu hakuonja kwanza. Alibonyeza mkia mnene kwa mgongo wa uma, ukarudi. Akaukata. Uma ulipita lakini kwa kuombwa, kama inavyotakiwa. Akatafuna polepole, macho ameyafumba kidogo, kisha akamwita mpishi.

"Nani kamtoa huyu?"

Mpishi akacheka, akaita nyuma. Akaja mama mmoja mtu mzima, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, mikono imekunjamana kwa maji. Tukamwamkia shikamoo. Mke wangu akamuuliza amemkuta upande gani wa mwamba, naye akaonyesha kwa kidevu kule gizani, kusini ya mlango wa ngarawa, kwenye mawe makubwa. Alikuta magamba ya kaa, akasema, bado yana nyama. Mke wangu akasema bibi yake alikuwa akimfundisha kuwaacha wadogo. "Tunawaacha," akajibu mama. "Wasiwaache kina nani, watoto wetu watakula mawe?" Akaeleza kuwa huko Pemba vijiji vingine hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi, hakuna kugusa, na siku wanapofungua wanatoa pweza wa kujaza kikapu. Pweza hukua upesi mno, na jike akishataga huacha kula, hukaa na mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kanuni za Tanzania Bara za 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Yule mama hakuwa na mzani. Alinionyesha kipimo chake: kichwa kikiingia ndani ya ngumi, anarudishwa.

Walizungumza wawili hao kwa muda ambao sikuuhesabu, juu ya mapango ya Makunduchi na ya Jambiani, yapi yamekufa na yapi bado yana watu. Aliposema "watu" alikuwa anamaanisha pweza. Mimi nilikula. Mwezi ulikuwa umeshapanda juu ya makuti, bahari imekwenda hadi kwenye mstari mweupe wa mwamba, na ufuko wote ulikuwa wazi na mwanga. Mama alipoaga, mke wangu akachomoa kikuba chake akampa. Kisha akavuta sahani karibu, kumebaki mkia mmoja, akaukata katikati kwa upande wa uma na kunisogezea kipande kinene.

"Mwakani," akasema, "tuje na mchokoo."